Pole kwa Bwana Harusi

Leo nimeaibika. Na si ile aibu ya kuteleza dukani ukainuka ukajifuta. Hii ilikuwa na sheikh, mashahidi na sinia zima la halwa.

Naandika nikiwa garini, nimeegesha nyuma ya kituo cha mafuta, kiyoyozi kinanivuma usoni. Nyumbani siwezi kwenda bado. Mama atakuwa keshasikia. (Maskati ni mji mkubwa mpaka siku utakayofanya kosa.)

Wacha nianze mwanzo.

Mnanijua. Mimi ni yule ambaye kila kitu lazima akiulize. Mama aliponiletea jina la binti wa shoga yake, msichana mzuri, msomi, ana kazi yake, nilimuuliza, "Mmoja? Na wengine wako wapi?"

"Wengine wa nini? Unaoa au unafungua duka?"

Nikamweleza kitaalamu. Mimi nafanya kazi Rusayl, kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki, upande wa ukaguzi. Hatupitishi shehena nzima kwa kutazama bomba moja. Sasa mtu atapitishaje maisha yake yote kwa kutazama jina moja?

Mama akaniangalia hivi. "Basi kaoe bomba," akasema, akarudi jikoni kwake.

Nikapakua programu ya kutafutia wachumba. Jamani! Kule wasichana hawaishi. Unatelezesha kidole, anakuja mwengine. Tena wengi hawaweki sura zao, na wana haki yao. Wanaweka kikombe cha kahawa, au ua, au mgongo wao wakitazama milima. Nikawa nachagua mke kwa kikombe. Kuna mmoja nilimkataa kwa sababu sikuipenda sahani yake. (Sahani! Mtu mwenye shahada!) Na kila nilipompata anayenifurahisha, kidole kilininong'oneza: tazama mbele kidogo, huenda yupo bora zaidi. Nikatazama mbele. Nikatazama mbele ya mbele. Mwisho nikawa nazungumza na watu wengi kiasi kwamba nilikuwa nasalimia kwa salamu moja ile ile, nainakili, naibandika.

Kisha akatokea Raya.

Raya ni mfamasia. Alikubali tuonane mkahawani Madinat Sultan Qaboos, akaja na dada yake mkubwa. Dada alikaa meza ya pili, katupa mgongo, lakini masikio yake yote yalikuwa mezani kwetu. Nikamweleza Raya falsafa yangu ya mabomba. Wengine huwa wanacheka kwa adabu. Yeye alikoroga chai yake, akasema:

"Unajua unanikumbusha nini? Wale watu wanaofungua friji ya dukani wakasimama. Anatazama juisi hii, anatazama ile, mlango wazi, baridi yote inatoka. Mwisho anachukua maji, na maji yenyewe yashapata moto."

Mgongo wa dada ukatikisika kwa kicheko.

"Mie si juisi, Harith," Raya akamalizia. "Chagua, ufunge mlango."

Hapo ndipo nilipokwisha. Sijui mnaelewa? Nilirudi nyumbani naendesha huku nacheka peke yangu. Wiki zilizofuata nilikuwa nangoja ujumbe wake kama mtu anayengoja mshahara. Siku moja akaniuliza, "Na wale wengine wa kule?" Nikamjibu, "Nshafunga, wallahi." (Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimezima mlio tu.)

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Kwa kuwa watu wengi walikuwa wananitumia ujumbe wa sauti, nilianzisha mtindo wa kuwasikiliza wote kwa kasi maradufu, asubuhi, nikiwa njiani kwenda Rusayl. Inaokoa muda. Tatizo ni kwamba kwa kasi ile binadamu wote wana sauti moja, sauti ya kasuku mwenye haraka. Jana asubuhi kasuku mmoja alisema Alhamisi baada ya Alasiri niende sabla ya msikiti wa mtaani kwao, baba yake atakuwepo, nikamsalimie, na akiniridhia, basi nyumba yetu inaweza kutuma watu kuposa. Huyo alikuwa Raya, hapo sikukosea. Kasuku mwengine alisema wamefiwa na mjomba wao, nyumba nzima imejaa watu, na azaa, yaani matanga, inakwisha Alhamisi. Huyo alikuwa Thuraya, anayeishi Sohar huko, ambaye sijawahi hata kumuona.

Mimi, mkaguzi wa ubora, nikachukua msiba wa Thuraya nikaupeleka kwa Raya.

Kwa asiyejua mambo ya hapa: sabla ni ukumbi wa mtaa, huwa ubavuni mwa msikiti. Leo wanaume wanakaa humo kupokea pole za msiba, kesho wanakaa humo humo kuozesha. Mazulia ni yale yale, mabirika ya kahawa yale yale, kanzu nyeupe zile zile. Ukumbi hauna bango la kukwambia leo kuna nini. Unatakiwa uje unajua.

Leo nikaomba ruhusa kazini mapema. Nikavaa kanzu safi, nikachagua kilemba cha rangi ya majivu, cha heshima, kisichojionyesha. Manukato sikujipaka. Mama akanikuta mlangoni.

"Wapi na ukiwa huo?"

"Msibani, Mama. Kwa jamaa wa rafiki yangu."

"Masikini. Nani kafa?"

"Mjomba."

"Allah amrehemu. Usitie maneno mengi huko, Harith. Toa mkono, kunywa kahawa, toka."

(Laiti ningemsikiliza. Mama yangu kwa maneno yale mawili matatu alikuwa ameokoa maisha yangu, na mimi nikaenda kuyatupa.)

Njiani nilifanya mazoezi ya huzuni kwenye kioo cha gari. Nilitaka baba yake Raya aone kijana mwenye utu. Nilifikiri, bahati ya ajabu hii: mtu unamjua tabia yake msibani.

Nikafika. Magari yamejaa mpaka barabarani. Nikasema moyoni, marehemu alikuwa mtu wa watu. Nikavua viatu, nikaingia. Kimya. Wanaume wamekaa wamezunguka kuta zote, wazee wanahesabu tasbihi, mmoja anatazama saa. (Baadaye nilijua walikuwa wanamngoja sheikh wa kuozesha, amechelewa na simu hapokei. Lakini watu wanaongoja na watu wanaoomboleza wana sura moja. Jaribuni kuwatazama siku moja.)

Nikaanzia kulia, kama inavyotakiwa, mkono kwa mkono. "Adhama Allahu ajrakum." Haya ndiyo maneno ya kuwapa pole wafiwa. Wa kwanza akanijibu, "Allah akubariki." Wa pili, "Hayyakallah, karibu." Nikajiambia, unaona? Watu hawasikilizi. Wanajibu kwa mazoea tu. Mimi ninayehoji kila kitu, nilihoji akili za ukumbi mzima kabla ya kuhoji yangu.

Karibu na katikati alikaa kijana aliyejifunika joho jeusi mpaka magotini. Uso hauna damu. Macho mekundu. Midomo mikavu. Nikajua, huyu ndiye msiba umempata hasa. Sikumpa mkono tu, nilimkumbatia.

"Jikaze, ndugu yangu," nikamwambia sikioni.

"Najikaza," akasema kwa sauti ndogo.

"Siku za mwanzo ndizo ngumu. Baadaye unazoea."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa siri na daktari. "Kweli?"

"Kweli. Muulize yeyote humu ndani."

Jamani, yule ni Salim. Kaka yake Raya. Bwana harusi!

Aliyekaa ubavuni pake alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Akanishika mkono, hakuuachia. "Wewe ndiye Harith?"

"Ndiye mimi, ami."

"Raya kanambia utakuja. Kaa hapa." Akasogea, akanipa nafasi baina yake na bwana mmoja mnene. Mahali pa heshima! Watu wanangoja miaka kupewa nafasi ile.

Nikaletewa kahawa. Nikanywa. Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka. Lakini nilitaka kuacha alama.

"Poleni sana, ami."

"Tushapoa, mwanangu. Siku mbili hizi hatujalala."

"Naelewa. Mambo haya yanachosha."

"Na wanawake kule nyumbani ndio zaidi."

"Wao wana moyo laini, ami. Wanalia sana."

Mzee akafikiri kidogo. "Mama yao kalia, kweli. Jana."

Nikatikisa kichwa kwa majonzi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Nikaweka kikombe chini, nikaiteremsha sauti, nikauliza kwa adabu zangu zote:

"Na marehemu mmemzika wapi, ami?"

Bwana aliyekuwa anagawa kahawa akasimama, birika hewani.

"Marehemu gani?" mzee akauliza.

"Marehemu..." Nikaona sijui jina lake. "Marehemu mwenyewe."

"Nani kafa?" akasema mzee, na safari hii sauti haikuwa ndogo.

Yule bwana mnene kulia kwangu akashtuka kama kamwagiwa maji. "Kafa? Nani kafa?"

"Huyu kijana anasema kuna marehemu."

"Marehemu nani?"

Upande wa pili mzee mmoja akaiweka tasbihi chini. "Sheikh bado hajafika," akasema taratibu.

"Na simu hapokei," akadakia mwengine.

"Alikuwa anapita Wattaya."

"Barabara ile! Kila siku nasema barabara ile!"

"Hapana, mimi..." nikasema.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema mzee wa tasbihi, na ukumbi mzima ukaitikia. Nyinyi mmewahi kusikia watu zaidi ya mia wakiitikia kwa pamoja jambo ambalo wewe ndiye uliyelianzisha, na halijatokea?

"Jamani, sikusema sheikh..."

"Kijana kashtuka, hawezi hata kusema," akasema bwana mnene, akanipigapiga mgongoni. "Mleteeni maji."

Na hapo Salim akasimama. Joho likafunguka. Kiunoni pake ikang'aa khanjar ya fedha, jambia la sherehe, na mkanda wake umesuguliwa mpaka unawaka.

Nikaitazama ile khanjar. Nani anavaa khanjar msibani? Nikatazama pembeni, nikaona masinia ya halwa yamefunikwa kwa karatasi za dhahabu. Nani anafunika halwa kwa dhahabu msibani? Pua nayo, ambayo ilikuwa imelala muda wote, ikaniletea udi wa gharama na maji ya mawaridi. Kila kiungo changu kiliamka kwa wakati mmoja, kimechelewa.

Nikaikumbuka sauti ya yule kasuku wa kwanza, yote sasa, kwa mwendo wake wa kawaida: Ni malka ya kaka Salim.

Malka. Kufunga ndoa.

Nilitamani zulia linifunike. Lakini mambo yalikuwa yameshatoka mikononi mwangu. Kuna mtu alikwisha kuandika nyumbani walikokusanyika wanawake. Simu ya baba yake Raya ikalia, akaiweka sauti ya nje kwa bahati mbaya, na ukumbi wote ukamsikia mama yake Raya:

"Baba Salim! Ati sheikh kafa? Masikini mtoto wangu na siku yake! Na biriani hii nifanyeje?"

"Subiri kwanza, bibi, subiri..."

Nyuma yake zilisikika kwikwi. Wanawake walikuwa wanalia kweli. Niliwahi kumwambia mzee kwamba wanawake wanalia sana. Angalau hilo nilipatia.

Mlango ukafunguka.

Akaingia sheikh. Mwenyewe. Mzima, ananing'iniza viatu mkononi, jasho linamtoka. "Assalaam alaykum. Niwieni radhi. Wattaya kule maduka ya magari yana bei za msimu, mji wote umekwenda kununua gari, na simu yangu imekufa chaji."

Hakuna aliyeitikia salamu.

Mzee wa tasbihi akainuka, akamwendea polepole, akamshika bega, akalifinya. "Yu hai," akatutangazia.

"Mbona mnanitazama hivi?" sheikh akauliza.

"Tulikuwa tunakuombea," akasema bwana mnene.

"Jambo jema. Mnaniombea nini?"

Macho yote yakageuka. Yalikuja kwangu kama tochi. Nilikuwa bado nimeshika glasi ya maji niliyoletewa kwa ajili ya mshtuko.

Nikasimama. Nikasema yote, haraka, kwa sauti yangu mwenyewe ya kasuku. Kwamba nilidhani hapa pana azaa. Kwamba hakuna aliyekufa. Kwamba nimechanganya mialiko. Kisha Salim, bwana harusi, akasema:

"Kwa hiyo yale uliyoniambia sikioni..."

"Hayakuhusu," nikamwambia. "Sahau yote."

"Mie nilikuwa nshaanza kuogopa!"

Akacheka yeye kwanza, na baada yake ukumbi ukapasuka. Wazee walishika magoti. Bwana mnene alinilalia begani. Hata sheikh, nilimuona, alijifanya anapangusa jasho.

"Kijana," akasema sheikh alipopata pumzi, "niachie nimuozeshe huyu kwanza. Kunizika utanizika zamu yangu ikifika."

Nikajaribu kutoka. Baba yake Raya akanivuta kanzu. "Kaa. Usiende popote, na usiseme na mtu."

Nikakaa. Ndoa ikafungwa. Halwa ikafunuliwa, tukala kwa vidole, na kila aliyepita kumpongeza Salim alipofika kwangu alinipa mkono akaniambia, "Adhama Allahu ajrak." Wote! Mmoja baada ya mwengine, kwa sura za huzuni. Kuna mzee mmoja alirudi mara ya pili.

Wakati wa kuondoka baba yake Raya akanisindikiza mpaka kwenye viatu.

"Mwanangu, ulipokuja ulidhani tumefiwa?"

"Ndiyo, ami."

"Hutujui, hatukujui. Ukaacha kazi zako ukaja."

"Ndiyo, ami."

Akazishika ndevu zake. "Basi moyo unao. Kichwa ndicho sijakiona."

Nikaenda mpaka kwenye gari nikiwa, niseme kweli, na furaha kidogo. Moyo unao! Hilo si karibu na ndiyo? Nikakaa, nikawasha kiyoyozi. Simu ikatoa mlio. Raya.

"Baba kacheka mpaka kapaliwa. Salim anasema uwe unakuja kila harusi. Mama hajakusamehe, lakini biriani imeliwa."

Nikatabasamu peke yangu. Kisha ukaingia wa pili.

"Mie nna suali moja tu. Nilikwambia malka. Msiba umeutoa wapi?"

Tabasamu likaondoka.

Na hapa ndugu zangu naomba mnielewe, maana hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeiona ila mimi. Nilikaa na simu mkononi nikaanza kuchagua uongo. Mtandao ulikuwa mbovu? Ni binamu yangu aliyefiwa? Kazini kuna mtu? Kila nilipopata uongo mzuri niliona nyuma yake huenda upo mzuri zaidi. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Yeye kule anaona kwamba naandika. Mlango wa friji uko wazi, baridi inatoka.

Nikaacha kuchagua. Nikamwandikia kweli. Kwamba sikufunga chochote, nilizima mlio. Kwamba kuna msichana mwengine aliyefiwa na mjomba wake, na kwamba wote wawili niliwasikiliza kwa kasi maradufu, ndiyo maana. Kwamba tangu siku ile ya mkahawani sijamtaka mwengine, nilikuwa naogopa tu kufunga mlango.

Nikatuma. Akasoma. Hakujibu.

Nikaona angalau nimalize na upande wa pili kiungwana. Nikamwandikia Thuraya pole ya kutoka moyoni kwa kufiwa na mjomba wake, na kwamba namtakia kheri, ila sitaweza tena kuendelea na mazungumzo yetu kwa kuwa nimempata mtu. Nilitumia lugha nzuri. Nilijua itamuuma.

Akajibu hapo hapo. "Ahsante sana. Samahani, wewe ni yupi?"

(Wewe ni yupi!)

Nikaanza kuifuta programu. Nimeitoa kwenye simu, lakini akaunti yenyewe wameificha mahali pa kufutia, natafuta mpaka sasa. Wenye kujua nielekezeni.

Raya amejibu nilipokuwa naandika haya. Nauweka kama ulivyo:

"Azaa ni siku tatu. Siku tatu hizo usinitumie kitu. Ya nne nitumie sauti, useme yote uliyoyasema hapa, kwa mdomo wako. Nitakusikiliza kwa mwendo wa kawaida. Kisha nitajua kama nimwambie Baba kichwa kimeonekana."

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuanzia magharibi ya leo mimi ni mfiwa rasmi. Pole zenu nazipokea hapa chini. Toeni mkono, kunyweni kahawa, tokeni. Na msicheke, watu hawacheki msibani.